Aliitwa kwa Jina

Somo: Luka 19:1–10



Januari 2008, Nakuru ilipowaka moto baada ya uchaguzi, mimi sikumpiga mtu wala sikuchoma nyumba. Lakini jioni moja kijana alipita mtaani na godoro kichwani, akaniuzia kwa shilingi 300. Nilijua si lake. Nikajiambia, ati nisiponunua mimi atanunua mwingine. Usiku nikalilalia.

Jumapili nilikuwa kanisani, nikimlilia Mungu awahukumu "wale wenye dhambi".

Mnakumbuka vile tulikuwa tunaitana. Tangu siasa za miaka ya 1990, hapa Bonde la Ufa majirani waliitwa madoadoa, kama uchafu wa kufuliwa kwenye nguo. Mwaka 2022 tume ya uwiano na utangamano, NCIC, ililiweka neno hilo kwenye orodha ya maneno ya chuki.

Sasa mwangalieni Zakayo. Umati ulinung'unika kwamba Yesu anaingia kwa mwenye dhambi. Na kweli alikuwa na dhambi! Lakini Yesu alipoinua macho kwenye ule mkuyu, alimwita kwa jina lake.

Tujifunze mawili hapo.

Kwanza, mtu si doa. Doa liko juu ya mtu, na damu ya Yesu huliosha. Tukimfanya mtu kuwa doa, tutataka kumfuta yeye. Na Warumi 3:23 haizungumzi juu ya "wale". Inasema wote.

Pili, aliyeitwa kwa jina alipata nguvu ya kuitaja dhambi yake. Zakayo hakuomba msamaha wa juu juu, "kama kuna mahali nimekosea". Alitaja mali, akataja mara nne. Toba ya kweli ina hesabu.

Mwezi wa Machi nililibeba lile godoro hadi kambi ya wakimbizi wa ndani pale Showground. Mwenyewe sikumpata. Nikampa mama mmoja, nikamweleza lilivyonifikia. Alininyamazia kwa muda, kisha akasema, "Wengi huja kutuombea, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza kusema umekosa."

Mpendwa, wiki hii kabla hujawaombea wenye dhambi, jiulize: nyumbani kwangu kuna godoro la nani? Litaje mbele za Bwana. Halafu amka, ulirudishe.

Mungu akubariki.