Chuma Kikigoma Alfajiri: Vidokezo 10 Kabla ya Kuilaumu Kabureta

Mwezi wa saba Dodoma haina masihara. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, upepo unakata masikio, na abiria anayewahi treni ya SGR ameshapiga simu kuuliza umefika wapi. Unapiga kiki: kimya. Unapiga tena: inakohoa, inazima. Kijiweni kila mtu ni fundi, na hukumu yao ni moja: "Kabureta hiyo, ifungue."

Usifungue. Petroli ya baridi haigeuki mvuke kirahisi, na kinachoshika moto ndani ya injini ni mvuke. Ndiyo maana alfajiri injini inataka mafuta mengi kidogo, cheche kali na mgandamizo usiovuja. Kimoja kikilegea, joto la mchana linakificha. Kikifika kipupwe kinajianika. Kagua kimoja baada ya kingine, na kabureta iwe ya mwisho.

1. Itoe nje kwanza.
Wengi wetu tunalala na pikipiki chumbani kwa kuogopa wezi. Sawa, lakini usiiwashie humo. Moshi wa eksozi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua. Na habari ya kuwasha moto au jiko la mkaa chini ya injini "ipate joto" iache kabisa.

2. Anza na mambo ya aibu.
Koki ya mafuta iko wazi? Swichi nyekundu ya kuzimia haijaguswa na mtoto? Gia iko nyutro? Tikisa tanki usikie kama kuna kitu. Kama ni kidogo, geuza koki iende rizavu. Hapa hutumii spana hata moja, na kuna watu waliosukuma pikipiki hadi gereji kwa sababu ya koki tu.

3. Tumia choki, kisha uiondoe.
Choki iko kwenye kabureta au kwenye mpini wa kushoto, kutegemea pikipiki yako. Ivute yote, swichi ikiwa imezimwa, upige kiki mbili tatu za taratibu ili mafuta yavutwe ndani. Kisha washa swichi upige kiki moja ya nguvu, mkono wa mafuta ukiwa umetulia. Pikipiki nyingi ndogo zenye kabureta hazina pampu ya kurusha mafuta, kwa hiyo kuzungusha mpini mara kumi kabla ya kuwasha hakuongezi kitu. Mbaya zaidi, ukivuta mafuta huku choki imevutwa, mvuto wa hewa unaoifanya choki ifanye kazi unapungua.

Ikishawaka, subiri dakika moja hivi, uirudishe choki taratibu. Ukienda nayo hivyo hadi Nkuhungu, petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda na plagi inajaa masizi. Kesho itagoma zaidi ya leo.

4. Kama imefurika, acha kuiongeza.
Harufu kali ya petroli na kiki nyingi bila majibu maana yake mafuta yamezidi. Funga koki, rudisha choki, vuta mpini wa mafuta hadi mwisho, upige kiki kadhaa ili hewa iyatoe. Kisha ujaribu kawaida.

5. Fungua plagi uisome.
Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote. Plagi ikitoka, itazame kwenye mwanga. Ncha yenye rangi ya kahawia ni afya. Nyeusi na kavu kama masizi: mafuta yanazidi, au chujio la hewa limeziba. Nyeusi inayong'aa na kuteleza: oili inapanda, angalia ringi na sili za valvu. Nyeupe: mafuta hayatoshi, au kuna mahali hewa inaingia kinyemela. Imelowa petroli: mafuta yapo, kinachokosekana ni cheche. Kavu kabisa baada ya kiki nyingi: mafuta hayafiki.

Isafishe kwa brashi, kisha upime mwanya wake. Pikipiki nyingi hizi zinataka kati ya milimita 0.6 na 0.8; kitabu cha pikipiki yako kitakupa kipimo kamili. Mwanya ukiwa mpana sana, cheche inashindwa kuruka asubuhi hata kama mchana inaruka.

6. Ione cheche kwa macho.
Rudisha plagi kwenye kofia yake, igusishe chuma cha injini mbali na tundu ilikotoka na mbali na petroli iliyomwagika, ushike kofia ya mpira, upige kiki. Cheche ya bluu inayolia "tak" ni nzuri. Ya njano, dhaifu, ya kukatakata? Badilisha plagi kwanza, kisha kagua kofia, waya na koili. Plagi mpya ndiyo spea rahisi kuliko zote, na nyingine ya akiba haijazi nafasi chini ya siti.

7. Mwaga bakuli la kabureta.
Kumwaga si kufungua. Chini ya kabureta kuna skrubu ndogo. Kinga glasi, uilegeze. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakiwemo utayaona yamejikusanya chini ya glasi kama shanga, na juu yake petroli. Wanaojaza petroli ya chupa vijijini, ukitoka Chamwino au Bahi, hukutana nayo sana. Usiku funga koki: sindano ya boya ikiwa imechakaa, mafuta huvuja polepole na mengine kuishia kwenye oili. Oili ikinuka petroli, imwage.

8. Vumbi la nyanda za kati halina huruma.
Kuanzia kiangazi hadi mvua za Desemba, chujio la hewa linajaa upesi. La sponji lioshe kwa sabuni, likauke, ulipake oili kidogo. La karatasi likung'ute, likichoka libadilishe. Usiliondoe moja kwa moja eti "ipumue": vumbi likiingia linakula silinda na ringi, mgandamizo unakwisha.

Kwa vile tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Pikipiki iliyowekwa sawa kule, huku inaelemea upande wa mafuta mengi. Akitokea mtu kukushauri jeti kubwa ili iwake asubuhi, mwulize sababu.

9. Pima mgandamizo na betri.
Swichi ikiwa imezimwa, sukuma kiki kwa mkono taratibu. Lazima ufike mahali inakataa. Ikishuka laini tu, tapeti huenda zimebana na valvu haifungi sawasawa. Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi, kwa geji, na kukaza hadi kelele iishe kabisa ni kosa. Kama tapeti ziko sawa, dondosha kijiko cha oili kwenye tundu la plagi: ikipata nguvu, ringi zimechoka.

Kwa wa selfu: baridi hupunguza nguvu ya betri. Redio na taa za nyongeza zikilala zinawaka, asubuhi utabaki na "ti-ti-ti" tu. Baadhi ya pikipiki cheche zake pia hutegemea betri, hata kwa kiki.

10. Sasa nenda kwa fundi, na uende vizuri.
Kama yote hayo ni mazima, zimebaki jeti iliyoziba, choki iliyokwama kwa kutu, au mpira kati ya kabureta na injini uliopasuka kwa jua. Sasa kabureta ina kesi ya kujibu. Mpe fundi plagi yako aione, mwambie ulichojaribu na kilichotokea. Lakini ukiiendesha hadi gereji saa sita mchana, itawaka kwa kiki moja na wewe utaonekana mzushi. Iache ilale hapohapo, fundi aipige kiki ya kwanza alfajiri.