HESABU TATU ZA KIJIJI



Katika somo hili tutatazama mambo matatu ambayo kwa kawaida huzungumzwa kila moja peke yake: kupungua kwa watu, upungufu wa chakula, na uwazi wa viongozi katika mali ya umma. Nia yangu ni kuonyesha kwamba haya ni mafiga matatu ya jiko moja. Figa moja likiondoka, chungu humwagika. Na wajibu wa kuyalinda si wa serikali peke yake. Ni wetu pia, sisi tunaoitwa mkutanoni tukabaki nyumbani.

1. HESABU YA WATU

Karagwe yetu imewahi kupungukiwa na watu. Wazungu Speke na Grant walipofika kwa Omukama Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, walikuta nchi ya ng'ombe wengi na utawala imara. Kisha, katika miaka ya 1890, sotoka ikafyeka ng'ombe katika Afrika Mashariki, na ndui nayo ikaua watu. Mikono ilipopungua, vichaka vilirudi mashambani. Vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakawazuia watu na mifugo kurudi. Sehemu kubwa za Karagwe zikakaa karibu tupu kwa muda mrefu, mpaka wahamiaji walipoanza kuja tena kwa wingi katika karne ya 20.

Funzo la kwanza ni hili: ardhi iliyokosa watu haikai ikiwangoja. Hubadilika, na kuirudisha ni kazi ya vizazi.

Pigo lingine tunalikumbuka wenyewe. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ugonjwa ule ulichukua zaidi watu wa umri wa kufanya kazi. Nyumba nyingi zikabaki na bibi na wajukuu, na kibanja kikabaki bila mtu wa kukipalilia.

Leo tusiseme kwamba mkoa unakwisha watu, maana hesabu inakataa. Sensa ya 2012 ilipata watu 2,458,023 katika Kagera, na ile ya 2022 ikapata 2,989,299. Lakini jumla ya mkoa haikuambii ni nani aliyebaki katika nyumba fulani. Kijana akienda Mwanza au Dar es Salaam, huko ndiko anakohesabiwa. Mama yake mwenye miaka sabini anahesabiwa hapa, naye ni mtu mmoja kamili katika sensa, ingawa hawezi tena kuinua jembe. Kwa hiyo kijiji kinahitaji hesabu yake chenyewe: kaya ngapi zina wazee peke yao, ngapi zina yatima, ngapi hazina mtu wa kulima.

2. HESABU YA CHAKULA

Kwetu mgomba ni ghala. Mtu wa nafaka huvuna mara moja akaweka akiba, bali sisi akiba yetu imesimama shambani, mkungu baada ya mkungu. Ndiyo maana mnyauko wa migomba, uliothibitishwa katika mkoa wetu mwaka 2006 baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001, ulikuwa kama moto kuingia ghalani. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukiikata unakuta ndani imekuwa na rangi ya kutu. Ugonjwa huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na panga lililokata shina gonjwa likakata zima bila kusafishwa, na miche iliyochukuliwa penye ugonjwa.

Hakuna dawa ya kuuponya. Kinga tunazijua: kuvunja ua dume kwa fimbo yenye panda, kupitisha panga motoni au kulisafisha kwa dawa ya madoa, kuondoa shina gonjwa mara linapoonekana, na kutohamisha miche ovyo. Lakini kinga hizi zina sharti moja, nalo ni kusema kweli. Mtu akificha mashina matatu yaliyougua kwa kuogopa kukatiwa shamba, majirani watalipa kwa mashina mia tatu. Kijiji kisichojua ni vibanja vingapi vimeugua hakiwezi kumwita bwana shamba kwa wakati, wala kuomba msaada kwa hoja.

Tena iko njaa iliyojificha. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Kagera kama mtoto mmoja kati ya watatu walio chini ya miaka mitano amedumaa. Tumbo limeshiba ndizi, lakini mwili umekosa maharage, mayai, samaki na mboga. Ukiwauliza watu kama kuna njaa, watajibu hakuna. Ukiwapima watoto, kipimo kinajibu vingine.

Madhara ya kuficha hesabu ya chakula yameonekana kwa jirani zetu. Mwaka 1973 ukame uliangamiza mkoa wa Wollo katika Ethiopia. Watu walikufa kwa makumi ya maelfu, na serikali ya Mfalme Haile Selassie haikutaka jambo hilo lijulikane. Dunia iliamka mwezi Oktoba mwaka huo, filamu ya mwandishi wa habari Mwingereza, Jonathan Dimbleby, ilipoonyeshwa. Septemba 1974 mfalme aliondolewa madarakani. Mtaalamu wa uchumi kutoka India, Amartya Sen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, alichunguza Wollo na njaa nyinginezo. Alionyesha kwamba watu hufa njaa hata mahali ambapo chakula kipo, kwa sababu hawana uwezo wa kukipata. Na kwamba njaa kuu hukosa nafasi penye viongozi wanaoweza kuulizwa na watu wao.

3. HESABU YA FEDHA

Kila mwalimu wa hesabu anajua taabu ya jibu lisilo na njia. Mwanafunzi ameandika 48 na kupiga mstari chini yake. Huenda ni sahihi, huenda amenakili kwa jirani. Mwalimu humwambia, "Onyesha njia." Hamwiti mwizi. Anataka aone jinsi alivyofika hapo, ili kama kuna kosa lisahihishwe.

Mapato na matumizi ya kijiji ni vivyo hivyo. Kusomewa kwamba "fedha zilipatikana na zimetumika" ni jibu bila njia. Njia ni hii: kiasi gani kilitoka kwa nani, kilinunua nini, kwa bei gani, kimebaki kiasi gani, na stakabadhi ziko wapi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 imeufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo cha juu cha kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Utaratibu unataka mkutano huo ufanyike kila miezi mitatu. Tena iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016.

Mwaka huo huo tulipata somo chungu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilipiga Bukoba na sehemu nyingine za mkoa, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Michango ilitoka kila upande. Kabla mwezi haujaisha, Rais alitengua uteuzi wa watumishi wawili wa juu, kwa madai kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina sawa na ile ya maafa. Kuhukumu ni kazi ya mahakama, si ya ukurasa huu. Lakini tuangalie jambo lenyewe: pasipo hesabu iliyo wazi, mchangiaji hubaki na shaka na aliyebomokewa hubaki na hasira, na hata mtumishi mwaminifu hukosa cha kujitetea nacho.

Hesabu tatu hukutana mahali pamoja. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF ulipoanza mwaka 2012, orodha ya kaya ilipaswa kuthibitishwa na mkutano wa kijiji. Baadaye, nchini kote, maelfu ya kaya zisizostahili ziligunduliwa na kuondolewa. Ziliingiaje? Mkutano wenye watu wachache hupitisha orodha yoyote. Na jina lisilostahili likiingia, mjane mmoja anayestahili yuko nje.

Wasomaji wa Nehemia watakumbuka mji mkubwa uliokuwa na watu wachache (sura ya 7), na wenyeji walioweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka (sura ya 5). Liwali yule aliitisha mkutano mkubwa, akawakabili wakubwa mbele ya watu wote, kisha akaeleza wazi jinsi yeye mwenyewe alivyoishi bila kula posho ya uliwali.

Basi, ndugu zangu, tuanze na lililo karibu. Mkutano ujao twende. Tusimame kwa heshima na kusema: "Ndugu Mwenyekiti, naomba tusomewe mapato na matumizi pamoja na stakabadhi." Akijibu vizuri, tumshukuru mbele ya wote. Akishindwa, tuombe iandikwe katika muhtasari lini atajibu. Na sisi tulio na vyama vya kuzikana, vikoba na kamati za uji wa shule, tusome hesabu zetu kwa namna hiyo hiyo. Asiyeonyesha njia kwake hana uso wa kuidai kwa mwingine.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika jumuiya yenu, ni kaya ngapi zimebaki na wazee na watoto tu? Nani anawasaidia kusafisha migomba?
2. Kwa nini mtu huficha mgomba wenye mnyauko? Tufanye nini ili asiogope kusema?
3. Mkutano mkuu wa kijiji au mtaa wenu ulifanyika lini mara ya mwisho? Wangapi kati yenu walihudhuria?
4. Taja tofauti kati ya kudai hesabu na kumtuhumu mtu.