Kutengeneza tovuti ni amana: Kilicholowa kisifichwe chini

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake.

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kisa ambacho wengi wetu tumekisikia katika khutba. Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula lililokuwa likiuzwa. Akaingiza mkono wake ndani, vidole vikagusa umajimaji. Alipomuuliza mwenye chakula, yule bwana akajibu kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini basi hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione. Kisha akabainisha kuwa mwenye kufanya ghushi hayuko pamoja naye.

Hadithi hii hufundishwa mara nyingi kama somo la wauza nafaka. Lakini tuitazame vizuri, ndugu msomaji. Hatukusimuliwa kuwa yule muuzaji alitamka uongo wala kuapa kiapo cha uongo. Kosa lake lilikuwa katika mpangilio: kikavu kilikaa juu, kilicholowa kikakaa chini. Jicho la mnunuzi likasoma rundo, nalo rundo likamwambia jambo lisilo la kweli. Na dawa aliyopewa nayo ilikuwa ya mpangilio: kilichoko chini kipande juu.

Leo wapo vijana wetu wengi, wa kiume na wa kike, ambao riziki yao ni kupanga marundo ya watu wengine. Hawa ni watengenezaji wa tovuti. Wamo Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa. Baadhi wameajiriwa, baadhi wamejiajiri kwa kompyuta moja sebuleni. Makala hii inakusudia kuonesha kwamba kazi yao ni amana, na kwamba hukumu ya lile rundo inawahusu wao kama inavyomhusu mwenye mali.

Kupanga ni kusema

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani kuwa mtengenezaji wa tovuti ni mpamba rangi tu, na kuwa maneno ndiyo yanayosema. Sivyo. Herufi kubwa husema "anzia hapa". Rangi kali husema "bonyeza hapa". Herufi ndogo za kijivu zilizowekwa chini kabisa husema "hili si muhimu", hata kama ndilo lenye gharama.

Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, alichapisha matokeo ya kufuatilia macho ya watu 232 walipokuwa wakisoma kurasa za tovuti. Ilionekana kuwa wengi hawasomi neno kwa neno. Hupitisha macho mstari wa juu, kisha mstari mwingine mfupi zaidi, halafu hushuka upande wa kushoto. Kwa hiyo anayepanga ukurasa ndiye anayeamua kwa kiasi kikubwa kipi kitasomwa na kipi kitapitwa. Hayo ni madaraka, na kila mwenye madaraka ataulizwa.

Sisi Waislamu si wageni katika elimu hii. Msahafu ulipoandikwa zama za mwanzo, herufi zake hazikuwa na nukta wala irabu kama tulizozizoea. Uislamu ulipoenea kwa watu wasiokuwa Waarabu, ilihofiwa kuwa watakosea kusoma. Wanahistoria wa lugha wanamtaja Abul-Aswad ad-Du'ali, aliyefariki mwaka 688, kuwa ndiye aliyeanzisha kuonesha irabu kwa nukta za rangi tofauti na wino wa maandishi. Baadaye Khalil bin Ahmad akaweka alama tunazozifahamu leo. Kule Baghdad, Ibn Muqla, aliyefariki mwaka 940, akaweka kipimo cha herufi kwa kutumia nukta ya kalamu, ili kila herufi iwe na uwiano na mwenzake. Na katika pwani yetu, waandishi wa Siyu, kisiwani Pate, walinakili Misahafu na kuipamba kwa rangi.

Tuzingatie lengo la kazi hizo. Nukta ya Abul-Aswad haikuwekwa kuupendezesha ukurasa. Iliwekwa ili msomaji asikosee. Huo ndio msingi wa mawasiliano ya kuonekana katika mila yetu: uzuri hutumikia ufahamu. Ukurasa ukipendeza na msomaji akapotea, kazi imeharibika.

Marundo ya leo

Mwaka 2010 mtaalamu wa Uingereza, Harry Brignull, alianza kukusanya mbinu za kurasa zinazotengenezwa makusudi ili kumtega mtumiaji, akazipa jina lenye maana ya "miundo ya giza". Msomaji bila shaka ameshakutana nazo. Bei inaoneshwa ndogo mwanzoni, gharama nyingine zinajitokeza ukurasa wa mwisho mtu akiwa ameshachoka. Kisanduku cha kukubali kutumiwa matangazo kinakuja kikiwa kimeshatiwa tiki. Kitufe cha "nakubali" ni kikubwa na cha kijani, cha "sikubali" kimefifia hakionekani. Saa inahesabu dakika kurudi nyuma kuonesha kuwa punguzo linakwisha. Ukifungua ukurasa upya, inaanza tena.

Katika yote hayo huenda hakuna neno hata moja la uongo. Masharti yameandikwa. Ni rundo lile lile: kikavu juu, kilicholowa chini.

Hata wasiokuwa Waislamu wameona ubaya wake. Desemba 2022 kampuni ya michezo ya kompyuta ya Epic Games ilikubali kulipa dola milioni 245 baada ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani kuituhumu, pamoja na mengine, kupanga vitufe kwa namna iliyowafanya wachezaji kununua vitu bila kukusudia. Septemba 2025 kampuni ya Amazon, bila kukiri kosa, ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi iliyofunguliwa na tume hiyo mwaka 2023. Ilidaiwa kuwa watu waliandikishwa katika huduma ya Prime bila ridhaa ya kweli, na waliotaka kujiondoa waliwekewa njia ndefu yenye kuchosha. Hapo kilichojadiliwa ni vitufe na mpangilio wa kurasa. Ikiwa mahakama za dunia zinauliza habari za kitufe, tusidhani kuwa huko Akhera kitasahauliwa.

"Mimi nachora tu"

Kijana akinasihiwa katika jambo hili hujibu: "Ustadhi, mimi nachora tu. Biashara si yangu." Jibu hili tulipime.

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alimlaani mla riba, mwenye kuilipa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, na akasema kuwa wote ni sawa. Mwandishi yule hakula riba. Kazi yake ilikuwa kalamu tu. Lakini kalamu yake ndiyo iliyoufanya mkataba usimame. Vivyo hivyo, tovuti ya kamari haiwezi kumfikia kijana kwenye simu yake bila mtu aliyeichora, akachagua rangi zake na kuamua kitufe cha kuweka pesa kikae wapi. Kamari imekatazwa wazi katika Sura Al-Maida, aya ya 90, na sura hiyo hiyo katika aya ya 2 imekataza kusaidiana katika dhambi na uadui.

Hata hivyo tusivuke mpaka kwa upande wa pili. Wapo wanaodhani kuwa Muislamu hawezi kabisa kumfanyia kazi asiyekuwa Muislamu. Khabbab bin al-Aratt (r.a.) alikuwa mhunzi Makka, na alimfanyia kazi al-As bin Wail, mshirikina. Imamu Bukhari amepokea kuwa Khabbab alipokwenda kudai ujira wake, al-As alikataa kumlipa mpaka amkufuru Muhammad (s.a.w.). Khabbab akakataa katakata. Hapa tuna mafunzo mawili. Kwanza, kazi ya halali kwa mteja yeyote ni halali. Pili, mteja akitaka kununua dini yako pamoja na kazi yako, hapo biashara imekwisha, hata kama deni lako liko mkononi mwake.

Mkataba kabla ya rangi

Hapa tufike kwenye upande ambao khutba zetu huusahau. Tunamhimiza kijana akatae kazi ya haramu, lakini hatuulizi ile ya halali inalipwaje.

Sura Al-Baqara, aya ya 282, imeamrisha deni la muda maalumu liandikwe. Pamoja na hayo, kazi nyingi za tovuti huanza kwa maneno ya simu: "Nitengenezee kitu kizuri, pesa utapata." Kisha mteja hubadili mawazo mara saba, na kila badiliko huita "dogo". Miezi inapita, na kila upande unamwona mwenzake mdhalimu.

Fiqhi ina mlango wa istisna, yaani kuagiza kitu kitengenezwe. Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, iliukubali mkataba huu kuwa unazifunga pande zote mbili, kwa masharti kwamba kinachoagizwa kielezwe aina, kiasi na sifa zake, na muda wa kukikabidhi utajwe. Iliruhusu pia malipo yacheleweshwe au yatolewe kwa awamu. Masharti haya yanamfaa sana mtengenezaji wa tovuti. Aandike idadi ya kurasa, nani ataleta maneno na picha, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, siku ya kukabidhi, awamu za malipo, na jina la tovuti litasajiliwa kwa nani. Hili la mwisho ni zito. Jina likisajiliwa kwa fundi na neno la siri likabaki kwake, mteja anakuwa mateka. Mali ya mteja irudishwe kwa mteja.

Picha nazo zisichukuliwe ovyo kwenye intaneti. Picha ni kazi ya mtu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 ya Tanzania inailinda. Vivyo hivyo fomu za kukusanya majina na namba za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeweka mipaka. Usimwombe mtu taarifa usiyoihitaji.

Kwa upande wa mwenye kulipa, Imamu Bukhari amepokea hadithi Qudsi inayowataja watu watatu ambao Allah (s.w.) atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake yote, asimlipe ujira wake.

Tuseme ukweli hapa. Taasisi zetu, yaani misikiti, madrasa na jumuiya, zinapotaka tovuti, mara nyingi humwita kijana na kumwambia ajitolee fii sabilillah. Kujitolea ni jambo tukufu, lakini sadaka hutoka kwa ridhaa ya mtoaji. Fundi seremala aliyetengeneza milango ya msikiti alilipwa, na aliyepiga rangi alilipwa. Kwa nini kazi hii peke yake iwe ya bure? Kijana mwenye mke na kodi ya nyumba, ambaye taasisi za Waislamu hazimlipi na kampuni ya kamari inamwahidi malipo mazuri, yuko katika mtihani ambao sisi tumechangia kuutengeneza. Dhambi akiifanya ni yake, lakini na sisi tutaulizwa.

Asiyeona vizuri, na mwenye bando dogo

Amana hii ina haki ya mtu mwingine asiyekuwamo kwenye mkataba: msomaji. Miongozo ya kimataifa ya kurasa za tovuti, toleo la Desemba 2008, inataka tofauti kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe humpendeza mchoraji mwenye macho mazima, lakini humnyima haki mzee mwenye mtoto wa jicho. Picha nazo ziandikiwe maelezo, kwani kipofu hutumia programu inayomsomea ukurasa kwa sauti, na picha isiyo na maelezo kwake ni kimya.

Tena ipo mizigo ya picha. Picha ya megabaiti 5, ambayo ingeweza kupunguzwa bila jicho kuona tofauti, inalipiwa na bando la anayefungua ukurasa. Ukimla mtu fedha zake kwa uvivu wako, usiseme hukumchukulia kitu.

Ndugu yangu unayefanya kazi hii, kabla hujamkabidhi mteja tovuti, fanya alivyofanya Mtume (s.a.w.): ingiza mkono ndani ya rundo. Fungua ukurasa kwa simu ya bei ndogo, kama mtu asiyejua lolote. Jiulize: bei yote inaonekana? Anayetaka kukataa anaona njia? Anayetaka kutoka anatoka kwa urahisi ule ule alioingilia? Vidole vikigusa unyevu, mweleze mteja. Mwambie kwa adabu na kwa hoja, kwani mnunuzi aliyedanganywa mara moja harudi. Akikubali, kipandishe juu. Akikataa, kumbuka Khabbab, na ujue kuwa Mwenye kuruzuku si yeye.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.