Maiki Tatu za Bei Rahisi

SOMO LA WIKI
Soma kwanza: Yoshua 9:3–19; Mithali 20:14; Kumbukumbu la Torati 25:13–16

Somo la leo linaanza na aibu yangu mwenyewe, kwa hivyo nivumilie kidogo.

Akina mama walikuwa wamechanga shilingi 45,000 za kununua maiki tatu za waimbaji wa sifa. Mimi, kwa vile naonekana mtu wa mitambo, nikapewa kazi ya kuzitafuta. Tulitaka ile ya kichwa cha mviringo ambayo hata kama huijui kwa jina umeiona mara nyingi, Shure SM58. Kampuni ya Shure ilianza Chicago mwaka wa 1925, na maiki hii ikatoka 1966. Wahubiri na waimbaji dunia nzima wameishika kwa sababu ni ngumu, inaanguka na bado inafanya kazi. Kitu kikipendwa hivyo, lazima kutatokea mtu wa kukiiga.

Kule Marekani maiki moja mpya ya aina hiyo huenda kwa takriban dola 100. Nikaingia kwenye mtandao mmoja wa mnada, nikampata muuzaji anayeuza tatu pamoja. Ukijua mnada unavyofanya kazi utanielewa. Saa inahesabu kwenda chini, mtu mwingine anaongeza dola mbili, nawe moyo unadunda kama uko uwanjani. Nilishinda kwa dola 75. Sikujiuliza kwa nini mtu mwenye maiki tatu mpya za dola 300 aziachie kwa robo ya bei. Nilichoona ni kwamba nimeshinda.

Jumapili iliyofuata nilirudisha chenji ya shilingi 25,000 na kitu mbele ya kanisa. Watu wakapiga makofi. Sasa soma Mithali 20:14. Mnunuzi anayeelezwa pale akiwa mbele ya mwenye mali anaponda bidhaa, akishaondoka anajisifu kwa watu. Huyo nilikuwa mimi, na nilijisifu hata kabla mzigo haujafika.

Mzigo ulifika vizuri. Kila maiki ilikuwa na boksi lake, kifuko chake cheusi chenye zipu na kishikio chake. Jina la kampuni limeandikwa safi. Nikampa muuzaji nyota tano jioni hiyo hiyo na kuandika kwamba bidhaa ni halali na muuzaji ni mwaminifu. Wapendwa, mtazame hapo. Sikuwa nimezichomeka kwenye mashine hata dakika moja. Nilitoa ushuhuda wa kitu ambacho sikukijaribu.

Na ndivyo zile nyota zinavyojaa. Nilidhani muuzaji mwenye sifa mia tatu hawezi kuwa mwongo. Kumbe sifa nyingi zimeandikwa na watu kama mimi, waliofurahia boksi. Yuko mtu mahali fulani ambaye alisoma maneno yangu akatoa pesa zake. Huyo sitamjua kamwe, na siwezi kumrudishia.

Israeli na Wagibeoni hadithi yao ni hiyo hiyo. Wageni walikuja na magunia yaliyochakaa, viriba vilivyoshonwashonwa na mkate uliokauka, wakasema wametoka mbali. Wakuu wa Israeli walichunguza, msiseme hawakuchunguza. Shida ni kwamba walichunguza vitu vilevile ambavyo mdanganyifu alikuwa amewaandalia. Mimi nilichunguza picha alizopiga muuzaji, maelezo aliyoandika muuzaji na boksi alilolifunga muuzaji. Israeli walikosa kuuliza kwa Bwana, na mimi nilikosa kuuliza hata fundi wa sauti aliye mtaa wa pili.

Siku tatu baadaye Israeli walijua ukweli. Sisi ilikuwa usiku wa kesha. Maiki moja ilianza kupiga mluzi kila kiongozi alipopandisha sauti, nyingine ikafanya sauti ya dada yetu iwe kama anaimbia ndani ya debe. Asubuhi nikaenda na maiki moja kwa jirani mwenye bucha, tukaiweka kwenye mizani yake ya dijitali. Maiki halali ya aina hii ina gramu 298. Ya kwetu ilisoma 241. Usichukue uzito peke yake kuwa hukumu, maana mizani ya bucha ni ya nyama. Nilipompelekea fundi, akafungua kichwa, akatazama ndani, akatazama ya kwake aliyoinunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa, akacheka. Hakuhitaji kusema. (Kwa njia, mtu asikwambie ati ikiandikwa imetengenezwa Mexico basi ni feki. Nyingi za halali hutengenezwa huko.)

Nikarudi mtandaoni kudai pesa. Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tunaoagiza vitu ng'ambo hatulijui. Mitandao mikubwa ya mnada ina ulinzi wa mnunuzi. eBay, kwa mfano, hutoa siku 30 za kulalamika baada ya mzigo kufika. Lakini mimi nilikuwa nimetumia anwani ya wakala wa mizigo aliye Marekani. Kwa hesabu ya mtandao, mzigo "ulifika" siku ulipoingia ghala la wakala. Ukakaa pale ukingoja kuunganishwa na mizigo mingine, ukasafiri, ukakaa tena hapa kwetu. Nilipolalamika, siku zilikuwa zimeisha zamani. Na hata zingekuwa bado, kuna mitandao inayokataa kabisa kulinda mzigo uliopelekwa anwani nyingine baada ya ile ya kwanza. Soma masharti hayo kabla ya kutoa dau.

Basi mpaka hapo mimi ni mtu aliyetapeliwa. Ukinihurumia, ni haki yako. Lakini somo letu halikuishia hapo.

Nilikuwa na maiki tatu feki na aibu ya zile makofi. Ndugu mmoja akaniambia, "Mwalimu, si uziuze tu? Hata wewe uliuziwa." Nikasema nitaomba. Sikuomba. Wiki hiyo mchungaji kijana wa kanisa changa, wanaokutana kwenye mabati nje ya mji, akaniuliza kama najua mahali pa kupata maiki za bei nafuu. Nikamuuzia mbili kwa shilingi 7,000 kila moja. Sikumwambia ni halali. Sikumwambia ni feki pia. Nilimpa ndani ya boksi, na boksi likasema uongo kwa niaba yangu.

Kumbukumbu la Torati 25 linazungumza juu ya mtu mwenye mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja kubwa na moja dogo. Kubwa ni la kununulia, dogo la kuuzia. Nilikuwa nimehubiri andiko hilo kwa wafanyabiashara wa soko. Sasa tazama mfuko wangu. Nilipokuwa mnunuzi, nilimwita muuzaji mwizi kwa sababu jina lililo juu ya maiki si la kweli. Nilipokuwa muuzaji, jina lile lile likawa sababu ya kupata shilingi 7,000. Maiki ni ile ile. Kilichobadilika ni jiwe.

Wiki ya tatu mchungaji kijana akapiga simu. Walikuwa na mkutano wa nje, maiki ikanyamaza katikati ya mahubiri. Unajua alichoniambia? Hakulalamika. Aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, labda sisi ndio hatujui kuiunganisha. Unaweza kuja kutufundisha?"

Ndugu yangu, heri angenitukana.

Watu wengi hufikiri hasara ya bidhaa feki ni pesa tu. Lakini aliyepewa kitu kibovu chenye jina zuri mara nyingi hujilaumu mwenyewe. Anadhani sauti yake ni mbaya, au mikono yake haijui kazi. Kijana yule alikuwa amekaa wiki tatu akidhani hajui mitambo, na mimi ndimi niliyemfikisha hapo.

Nilienda. Nilimwambia yote, mbele ya mzee wake mmoja. Nikarudisha zile 14,000 na pesa ya nauli waliyotumia kumleta fundi. Sikufika mara nne kama Zakayo, niseme ukweli. Tukawaachia maiki yetu ya zamani wakaitumia mpaka wapate ya kwao. Kisha nikarudi kwa akina mama. Hao hawakuwa wapole. Mama mmoja akaniuliza, "Kwa hivyo ile chenji uliturudishia, tulikuwa tunapigia nini makofi?" Sikuwa na jibu.

Rudi sasa kwenye Yoshua 9 uone mwisho wake. Baada ya kugundua wamedanganywa, watu walinung'unika, lakini wakuu walishikilia kiapo walichoapa. Kosa lilikuwa lao, na hasara wakaibeba wao. Hapo ndipo bidhaa feki humpima mtu. Kutapeliwa kunaweza kumpata yeyote. Ila kitu hicho kikishaingia mkononi mwako, hakuna mwingine anayeamua kama kitaendelea na safari.

Mtakumbuka mwaka 2012 simu feki zilipozimwa hapa Kenya mwisho wa mwezi wa Septemba. Zilikuwa zaidi ya milioni moja, na walioshika wengi walinunua wakidhani ni halali. Nakumbuka jirani alivyokimbia kuuza yake siku chache kabla ya tarehe ile. Tulimsifu kwa ujanja. Hatukumuuliza nani ameinunua.

Sheria nayo haimhurumii anayeendeleza. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ya mwaka 2008 inafanya kuuza bidhaa hizo kuwa kosa. Mara ya kwanza ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja, au vyote viwili. Kusema "hata mimi niliuziwa" mbele ya hakimu ni kukiri kwamba ulijua. Na usijifiche kwa kuiita "kopi" na kupunguza bei. Jina la watu bado liko juu yake. Wengine huuliza, je, nikipeana bure shuleni? Utakuwa umempa mtoto jina la uongo badala ya kumuuzia. Mimi ningeiharibu.

Kama umepokea kitu na roho yako inasita, usiandike sifa yoyote kwanza. Fungua mzigo huku mtu akikurekodi kwa simu, kuanzia kwenye gundi ya boksi. Kijaribu siku hiyo hiyo, usikiweke kabatini kungoja sikukuu. Kama ni simu, bonyeza *#06# ulinganishe namba inayotokea na ile ya kwenye boksi. Kama ni kifaa cha kazi, kipeleke kwa mtu aliye na cha halali. Ukiona tofauti, mwandikie muuzaji ndani ya mtandao ule ule, si kwa WhatsApp, na uwasilishe malalamiko rasmi kabla siku hazijaisha. Muuzaji akikwambia mlipane nje ya mtandao ili akupunguzie, kimbia. Ukitoka nje, ulinzi wote umeuacha mlangoni. Kama muuzaji yuko hapa nchini, Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi hupokea malalamiko, na mahakama ya madai madogo husikiliza kesi zisizozidi shilingi milioni moja.

Kuna ndugu watasema basi tuache minada ya mtandaoni kabisa. Sikubaliani nao. Kitu cha kwanza kuuzwa kwenye eBay, mwaka 1995, kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyovunjika, ikaenda kwa dola 14.83. Mwenye mtandao, Pierre Omidyar, alimuuliza mnunuzi kama anaelewa kwamba imevunjika. Akajibu anaelewa, yeye hukusanya zilizovunjika. Mnada ule haukuwa na dhambi yoyote. Kibovu kiliitwa kibovu, na mtu akakilipia kwa furaha.

Maiki mbili nilizivunja kwa nyundo nyuma ya kanisa, mweka hazina akishuhudia. Ya tatu nimeibakisha ikiwa imefunguliwa, nimeifunga karatasi iliyoandikwa FEKI kwa wino mwekundu. Iko kwenye kabati la mitambo pamoja na moja halali tuliyonunua baadaye. Jumatano baada ya maombi nitaziweka zote mbili mezani, na mizani tutaazima kule bucha. Mwenye kitu anachokitilia shaka akilete.

Ya kuzungumza katika ushirika wa nyumbani: Ni kitu gani kiko nyumbani kwako sasa ambacho unajua si cha kweli, na umekuwa ukingoja mnunuzi? Na je, yuko mtu aliyenunua kwako ambaye mpaka leo anadhani kosa ni lake?