Paa na Ngazi za Ghorofa ni Mali ya Nani?

Ndugu Waislamu, mvua za kwetu Kyela hazina mchezo. Paa la ghorofa yenye wamiliki wengi likivuja, wa chini atasema: "Hilo ni la wa juu." Sivyo. Kwa Sheria Na. 16 ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, maeneo yasiyo ndani ya sehemu ya mtu, kama ngazi na paa la pamoja, ni mali ya wote, kila mmoja kwa fungu lake lisilogawanywa. Mafakihi huiita mushaa. Basi kuziba ngazi kwa magunia ya mpunga, au kukwepa mchango wa matengenezo, ni kumdhulumu mshirika wako. Ukiuza nyumba, fungu hilo huenda nayo. Ukifa, warithi hulirithi pamoja na wajibu wake. Wallahu a'lam.