Boksi la Pikipiki Limepasuka? Soma Hapa Kabla Hujanunua Faiba

Leo tuweke pembeni mambo ya picha na bei, tuongelee lile boksi la plastiki nyuma ya pikipiki linalobeba mizigo ya wateja wako.

Msimu wa mvua uliopita boksi letu lilipata ufa kona ya chini, karibu na bolti. Nikanunua faiba na rezini, nikapaka mwenyewe, likakauka gumu kama jiwe. Nikajiona fundi kweli. Siku ya 3 kiraka kikabanduka kizima kama ganda la yai, maji yakaingia, gauni la mteja la sendoff likalowa na kuchuja rangi. Nilirudisha 65,000 na yule dada hajaagiza tena kwangu mpaka leo.

Nikampelekea fundi wa bampa za magari. Akaligeuza, akacheka: "Mdogo wangu, hii ni PP. Hata ukimwaga ndoo nzima ya rezini haishiki."

Kumbe plastiki haziko sawa! Angalia ndani ya boksi au chini yake, mara nyingi kuna herufi zimechapwa. Ukikuta ABS, faiba inashika vizuri. Ukikuta PP, PE au HDPE, hizo zina asili ya utelezi, rezini inakaa juu tu bila kung'ang'ania. Kama hakuna herufi, kata kijipande kidogo ukingoni, kizamishe kwa kidole kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, halafu kiachie. Kikizama, huenda ni ABS. Kikielea, ni jamii ya PP na PE, usipoteze hela yako kwenye faiba.

Sasa kama ni ABS, fanya hivi. Toboa kitundu cha milimita 3 pale ufa unapoishia, kila ncha. Usiruke hapa! Bila hicho kitundu ufa unaendelea kutembea chini ya kiraka. Osha kwa sabuni, kausha, kisha kwangua upande wa NDANI kwa msasa namba 80 mpaka mng'ao wote uishe, sentimita 5 kila upande wa ufa. Futa vumbi kwa spiriti. Usitumie asetoni, inayeyusha ABS. Nje bandika selotepu pana ili rezini isivuje na ufa ukae umebana.

Kata vipande viwili au vitatu vya faiba, kona uziviringishe kwa mkasi maana kona kali ndiyo inaanza kunyanyuka. Kama unatumia rezini ya polyester, chukua ule mkeka wa nyuzi zilizotawanyika. Kama ni epoksi, chukua faiba ya kufumwa kama kitambaa, kwa sababu gundi inayoshika ule mkeka inayeyuka vizuri kwenye polyester, kwenye epoksi haiyeyuki.

Kipimo sasa, hapa wengi tunaharibu. Polyester gramu 100 inataka hadina gramu 1 mpaka 2. Nunua bomba la sindano duka la dawa, pima. Jua likiwa kali baki kwenye 1, ukizidisha inachemka kwenye kopo kabla hujapaka. Epoksi ina kipimo chake, fuata kopo. Changanya kidogo kidogo. Paka rezini, laza kipande, kigongegonge kwa brashi mpaka kiwe kama kioo na mapovu yaishe, kisha kinachofuata.

Fanyia nje penye hewa, vaa glovu na miwani. Hadina ikiingia jichoni inaweza kukupofusha, suuza kwa maji mengi hapohapo na uende hospitali. Ukipiga msasa baadaye vaa barakoa na mikono mirefu, vumbi la faiba linawasha usiku kucha (mimi nililala nimejikuna).

Na boksi langu la PP? Tulilishona. Fundi alitoboa vitundu viwili viwili kando ya ufa, akapitisha waya laini, kisha ndani akaweka mpira wa tyubu na juu yake kipande cha bati la aluminiamu, vyote vikabanwa kwa bolti na washa. Sura mbaya, lakini mpira unazuia maji na linabeba mzigo mpaka sasa.

La faiba liache saa 24 kabla ya kulifunga kwenye pikipiki. Kisha weka gazeti kavu ndani, funga, limwagie ndoo ya maji kwa juu na pembeni. Gazeti likilowa, bora ujue hapo nyumbani kuliko kwa mteja Mbagala.