Somo la Mifugo: Ukwato wa Punda Unapotanuka

Wanachama wetu wanajua kwamba karafuu mbichi hazilali guniani. Zikichelewa kuanikwa huvunda, na bei yake huanguka. Basi kwa mwanachama ambaye shamba lake li mbali na barabara, naye amtegemea punda kubeba mavuno, miguu minne ya mnyama yule ni sehemu ya mavuno yenyewe. Mwezi huu twapenda kueleza juu ya kasoro moja ya kwato ambayo huanza polepole, haitoi kelele, na mwisho humlaza punda chini wakati kazi imepamba moto. Kasoro hiyo ni kutanuka kwa ukwato.

Mfano kutoka Mwanza

Mfano wetu tumeuchukua mbali, huko Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria. Sababu ni mbili. Kwanza, Usukumani punda ni wengi kuliko hapa visiwani, nao hubeba maji, mahindi na pamba, wala hawavishwi viatu vya chuma. Tangu zamani farasi hawakustawi katika sehemu nyingi za bara, kwa ajili ya nagana iletwayo na mbung'o, na ugonjwa mwingine wa farasi uenezwao na visubi. Punda huyahimili maradhi hayo zaidi kuliko farasi.

Pili, ardhi ya huko yenyewe ni mwalimu. Mwanza ni nchi ya mawe makubwa ya matale. Kwenye miteremko chini ya mawe kuna udongo wa mchanga wa kukwaruza, ambao Wasukuma huuita luseni. Mabondeni kuna mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao mvua ikinyesha huwa tope zito linalonata. Punda apandaye na kushuka miteremko ya mawe na mchanga kila siku, ardhi humpigia tupa bila malipo: kwato zake hulika kadiri zinavyoota. Lakini punda ashindaye bondeni kwenye tope, au afungwaye mahali pamoja juu ya samadi yenye majimaji, kwato zake huota bila kulika. Zikisha kurefuka, hutanuka.

Hapa kwetu mambo ni hayo hayo. Wakati wa masika, njia za mashambani huwa tope na utelezi. Baadaye huja mavuno, na punda atakiwa kubeba mzigo juu ya kwato zilizoharibika miezi mingi kabla.

Kutanuka ni nini?

Ukwato una ukuta mgumu nje, na wayo chini. Kati ya ukuta na wayo kuna mstari mwembamba wa rangi nyeupe inayoelekea manjano, ambao ndio kiungo cha viwili hivyo. Ukuta huanza kuota juu, penye mpaka wa nywele, ukashuka hadi chini. Ukwato mzima hushuka kwa mstari mmoja ulionyooka. Ukwato uliotanuka hushuka sawa kidogo, kisha huenda nje kama mdomo wa tarumbeta.

Hasara yake ni hii. Kila hatua, ardhi husukuma ule ukingo uliotoka nje, kama mtu atiaye mtaimbo chini ya jiwe. Ukuta hubanduliwa kidogo kidogo kutoka mahali uliposhikana na mguu. Mstari mweupe hupanuka, tope na vijiwe huingia, uchafu hupanda juu, na jipu huota ndani. Hatari nyingine ni pepopunda. Punda hushikwa na ugonjwa huo upesi kuliko wanyama wengi, na kidonda kichafu cha ukwatoni ni mlango wake mmoja. Tena punda ni mvumilivu, huficha maumivu. Ukimwona anachechemea waziwazi, jua ameumia siku nyingi.

Jinsi ya kutazama

Msimamishe punda juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, umsafishe kwato. Chukua rula ya mtoto wa shule, au kijiti kilichonyooka. Kilaze juu ya ukwato, chini kidogo ya nywele, kikifuata ile sehemu ya juu inayoota upya. Ukwato ukiwa mzima, rula italala juu yake hadi chini. Ukiwa umetanuka, utaona sehemu ya chini inaisukuma rula nje. Fanya hivyo mbele na pande zote mbili. Kisha inua mguu, utazame mstari mweupe. Ukiwa mpana na umejaa uchafu, kutanuka kumekwisha kuufikia.

Hapa tuonye jambo moja. Ukwato wa punda si wa farasi. Wa punda ni mwembamba na umesimama zaidi. Wa farasi ni wa duara na umelala zaidi. Msimkate punda wenu ili afanane na farasi wa picha.

Jinsi ya kupunguza

Wako watu wangojao mpaka kwato zipinde kama ndizi, kisha huleta panga au msumeno wakazimaliza kwa siku moja. Njia hiyo haifai. Hukata mpaka kwenye nyama, nayo humwacha mnyama asimame juu ya wayo mtupu. Yapasa kufanya hivi:

1. Tumia tupa pana na koleo lenye makali. Wakati wa kiangazi ukwato huwa mgumu kama pembe. Usimamishe majini kwa muda kabla ya kuanza.

2. Punguza urefu wa ukuta kutoka chini, mpaka ukaribie kuwa sawa na wayo. Wayo wenyewe usiuchonge, wala ile nyama ngumu ya pembe tatu iliyo katikati, ila sehemu zilizolegea na kuoza.

3. Kisha piga tupa kwa nje, theluthi ya chini tu ya ukwato, pale uliposukuma rula. Usile zaidi ya theluthi ya unene wa ukuta. Malizia kwa kuviringisha ukingo, ili ardhi isipate mahali pa kuushika.

4. Rudia kila baada ya wiki 6 hadi 8. Usitake yote siku moja.

Sababu ya subira hii ni kwamba ukuta uliokwisha tanuka haunyooki tena. Kazi ya tupa ni kuondoa ule mtaimbo, ili ukuta mpya uotao juu ushuke umeshikana vema. Ukuta huota chini ya sentimita moja kwa mwezi, hivyo huchukua karibu mwaka kufika ardhini. Mwenye haraka atakata sana, na mwenye subira atapata ukwato mpya.

Tafuteni chanzo

Tupa peke yake haitoshi. Mpe punda mahali pakavu pa kusimama, na mwaga changarawe pale anaponywea maji, ili kwato zilike. Msizidishe pumba na mahindi. Punda aliyenenepa kwa nafaka huweza kupata uvimbe ndani ya ukwato, nao hulegeza ukuta na kuutanua mbele. Ukwato ukitanuka upande mmoja tu, huenda uzito haugawanyiki sawa. Lakini mnyama mzima mwenye miguu iliyopinda tangu utoto asilazimishwe kunyooka. Na ukwato ukiwa wa moto, ukinuka, au mnyama akikataa kuukanyagia, wekeni tupa chini mkamwite Bwana Mifugo.

Mwisho, mkumbuke thamani ya mnyama huyu. Punda huchukua mimba kama miezi 12 na huzaa mtoto mmoja. Biashara ya ngozi imewapunguza punda katika nchi nyingi za Afrika, hata Tanzania ikaizuia mwaka 2022, na Februari 2024 nchi za Umoja wa Afrika zikakubaliana kupiga marufuku kwa miaka 15 kumchinja punda kwa ajili ya ngozi yake. Punda akilemaa leo, wa kushika nafasi yake hapatikani upesi. Kwa hiyo twawaomba wanachama wenye punda wawatazame kwato mwezi huu, kabla magunia hayajaanza kujaa. Rula haina gharama, na tupa moja yaweza kutumiwa na kijiji kizima.